Kutoka "Nafasi Yoyote" hadi Kazi Maalumu: Mwanafunzi wa Kiswahili na Utafutaji wa Uanagenzi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vyetu huinama sana, ila mara nyingi huinamia uvungu usio na kitu. Huandika barua moja, wakaitoa nakala thelathini, wakaisambaza katika kila ofisi yenye mlango wazi, kisha wakasubiri jibu lisilokuja. Mwandishi wa makala haya alifanya vivyo hivyo alipokuwa katika mwaka wa tatu. Katika chumba kimoja cha habari, mhariri aliisoma barua yake, akaikunja polepole, akamuuliza: "Umeandika nini?" Mwandishi alitaja alama zake za mtihani. Mhariri akarudia swali lile lile, na safari hii halikupata jibu.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba, licha ya uhaba wa nafasi, tatizo letu kubwa limo katika neno moja tunalolitumia bila kulifikiria: "yoyote". Anayeomba "nafasi yoyote" humwachia mwajiri kazi ya kufikiria atamtumia vipi. Mwajiri mwenye shughuli nyingi hana muda huo.

Mafunzo nyanjani na uanagenzi

Ni muhimu kwanza kutofautisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Mafunzo nyanjani hufanywa na mwanafunzi angali chuoni, kwa muda wa majuma au miezi michache, na mara nyingi hutathminiwa na mhadhiri wake. Uanagenzi, kwa maana inayotumiwa na waajiri wengi nchini Kenya, ni wa aliyehitimu. Kwa mfano, mpango wa uanagenzi unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma huwalenga waliokwisha kuhitimu, na huchukua miezi 12. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetuma maombi huko anapoteza wakati wake. Basi soma tangazo lote, hasa sehemu ya masharti, kabla ya kushika kalamu.

Kazi ya Kiswahili iko wapi?

Wengi wetu tumezoea kuambiwa kwamba aliyesoma Kiswahili ataishia kushika chaki. Ualimu ni kazi ya heshima, lakini si mlango pekee. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 120 kinakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Aidha, kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kila kimojawapo cha vifungu hivi kinazua kazi: kutafsiri, kukalimani, kunukuu mijadala na kuhariri taarifa.

Fauka ya hayo, kuna vyombo vya habari kama vile gazeti la Taifa Leo na Radio Taifa ya KBC, ambavyo huhitaji habari za Kiswahili kila siku. Kuna pia wachapishaji. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, kila gredi mpya imehitaji vitabu vipya, na vitabu hivyo hupelekwa katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ili vitathminiwe. Kipindi cha kuandaa miswada huwa kigumu kwa wahariri. Hapo ndipo jicho la ziada la kusoma na kusahihisha huthaminiwa. Isitoshe, mashirika ya afya, ya kilimo na ya haki za binadamu huhitaji kuwafikia wananchi kwa lugha wanayoielewa.

Kabla ya kuomba, chagua ofisi tano tu. Kwa kila ofisi, jibu swali hili kwa sentensi moja: ni kazi gani ya Kiswahili inayofanywa hapa ambayo ninaweza kusaidia kuifanya? Ukishindwa kulijibu, hujawa tayari kuandika barua.

Ushahidi wa kazi

Mwajiri hawezi kuiona akili ya mwombaji. Anaweza kuona tu alichokifanya. Kwa hivyo, andaa vielelezo vitatu vifupi. Anayeomba katika gazeti aandike habari mbili kuhusu mambo halisi ya mtaani au chuoni pake na makala moja. Anayeelekea kwa mchapishaji achukue ukurasa wenye makosa, auhariri, na kueleza pembeni sababu za masahihisho yake. Anayetaka kutafsiri achague kijikaratasi cha maelezo ya umma, akitafsiri, kisha ampe mzee asiyejua Kiingereza akisome. Pale mzee anapokwama ndipo tafsiri ilipokosea. Kazi hizi hazihitaji fedha wala idhini ya mtu. Hata Wikipedia ya Kiswahili i wazi kwa kila anayetaka kuandika na kusahihishwa na wengine.

Barua yenyewe

Barua ni kielelezo cha kwanza. Inashangaza kuona mwanafunzi wa Kiswahili akiandikia meza ya Kiswahili barua ya Kiingereza, au barua ya Kiswahili yenye maneno kama "kazi yenye nilifanya" badala ya "kazi niliyoifanya". Mhariri akikutana na kosa hilo katika mstari wa pili, hana sababu ya kuusoma wa tatu.

Tazama mianzo hii miwili:

(a) "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Ningependa kuomba nafasi yoyote katika kampuni yako tukufu."

(b) "Ninasomea Kiswahili, mwaka wa tatu. Ninaomba kufanya mafunzo nyanjani katika meza yenu ya uhariri kuanzia Mei hadi Julai. Nimeambatisha kurasa mbili nilizozihariri."

Mwanzo wa (a) una sifa zisizoweza kuthibitishwa. Mwanzo wa (b) unataja kazi, mahali, muda na ushahidi. Mwombaji wa (b) hakujisifu hata kidogo, lakini msomaji wake tayari anajua atamtumia wapi.

Barua ielekezwe kwa mwenye cheo mahususi, iambatishwe wasifukazi usiozidi kurasa mbili pamoja na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Waajiri wengi hudai pia bima ya ajali, hivyo uliza idarani mapema kama chuo huitoa. Peleka maombi miezi mitatu kabla ya likizo. Baada ya majuma mawili, piga simu kwa adabu uulize kama barua ilifika.

Tahadhari

Si kila mlango unaofunguka unafaa kuingiwa. Uliza mapema kama kuna posho, kisha piga hesabu ya nauli, chakula na malazi. Miezi mitatu mjini bila posho humwelemea mzazi anayelipa karo kwa taabu, na huenda ofisi ya kaunti ya nyumbani ikakufaa zaidi kuliko ofisi kubwa ya Nairobi. Ukitozwa pesa ili upewe nafasi, ondoka. Aidha, nafasi haibadilishwi kwa fadhila za kimapenzi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera kuhusu jambo hilo. Yakikufika, yaandike pamoja na tarehe, umwarifu mhadhiri wako. Ukinyamaza, anayenufaika ni mkosaji.

Wajibu wa idara na chama

Wahadhiri wetu wanaweza kusaidia kwa njia mbili. Kwanza, kazi za darasani za tafsiri na uhariri zitolewe kwa matini halisi, ili mwanafunzi amalize kozi akiwa na vielelezo. Pili, barua za mapendekezo zitaje kazi aliyoifanya mwanafunzi badala ya kusema tu kuwa ana tabia njema. Nacho chama chetu kiweke daftari ambamo kila anayerejea kutoka nyanjani ataandika alikokwenda, alichofanya na kama alilipwa. Wanaofuata hawatalazimika kuanza gizani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi pale mwombaji anapojua kazi anayoiomba na kuwa na cha kuonyesha. Mwaka mmoja baadaye, mwandishi alirudi kwa mhariri yule yule akiwa na habari tatu alizoziandika kuhusu soko la mtaani kwao. Mhariri alizisoma akiwa amesimama, akafuta aya nzima ya kwanza, kisha akamwonyesha kiti. Alipewa majuma sita. Swali alilokuwa ameulizwa halikubadilika; safari hii alikuwa na jibu mkononi.