Kamera Ikae Karibu na Mikono ya Fundi

Ngoma ambayo Watetela huiita lokombe haina ngozi. Ni gogo moja lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu. Kuta zake mbili hazina unene sawa, na kwa sababu hiyo hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata mwinuko na mshuko wa maneno. Hivyo ndivyo ujumbe ulivyosafiri kijiji hadi kijiji. Ukiiona pichani utaona gogo zuri, basi. Ukimwona fundi kwenye filamu, utamwona akichonga kidogo, akigonga, akitega sikio, akichonga tena. Ujuzi wote umo katika kule kutega sikio.

Ndiyo maana nawasihi vijana wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, wenye simu: warekodini mafundi wa mbao wangali kazini. Sanamu za mababu za Wabuyu, wenyeji wa upande wa Kabambare na Fizi, nyingi leo zimo katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Mbao imehifadhiwa vizuri huko, lakini mkono ulioshika tezo haukuhifadhiwa. Mwaka 1955 Mbelgiji Luc de Heusch alitoa filamu kuhusu Wahamba, ambao ni tawi la Watetela wa Sankuru, magharibi ya Maniema. Wakati ule kamera ilitoka ng'ambo pamoja na mwenyewe. Sasa imo mfukoni mwako.

Anza na kitu cha kawaida, kama kinu. Usingoje kifike sokoni. Mfuate fundi tangu anapochagua mti. Muulize kwa nini huu na si ule, na mti huo unaitwaje kwa Kibangubangu, kwa Kikusu na kwa Kiswahili. Majina ya vyombo yaandike kama anavyoyatamka mwenyewe, hata neno likiwa limetoka Kifaransa. Kisha shuka na kamera hadi usawa wa mikono. Shoka hukata vipande vikubwa, tezo hufuata umbo, patasi huingia pembeni, na kila chombo kina mlio wake. Usifunike milio hiyo kwa muziki! Acha kila picha iende dakika nzima au zaidi bila kukatwa, maana mwanafunzi anahitaji kuona pigo linaanzia begani au kwenye kifundo cha mkono. Rekodi pia kungoja: mbao mbichi ikikaushwa haraka juani hupasuka, kwa hiyo fundi huiacha kivulini. Kosa likitokea, liache humo. Mimi naamini kosa likifuatwa na namna lilivyorekebishwa hufundisha kuliko kazi iliyonyooka tangu mwanzo.

Ruhusa ni kabla ya yote. Si kila kilichochongwa ni cha kuonyeshwa watu wote. Kwa Walega, watu wengine wa Maniema, vifaa vya chama cha bwami vilikuwa na daraja zake na wenye haki ya kuviona. Mzee akisema hapa kamera ifungwe, funga. Kubalianeni pia mapema kuhusu malipo, maana siku ya kurekodi humpunguzia fundi kazi.

Filamu ikiwa tayari, mtazamaji wa kwanza awe fundi mwenyewe. Kisha ionyesheni jioni uani au shuleni, kwenye shuka jeupe kama mna projekta, au hata kwenye simu moja watu wakikusanyika. Isimamisheni katikati, muwaulize wazee: anafanya nini hapa, na kwa nini hakukata upande ule? Majibu yao nayo yarekodiwe, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo hutoka yale ambayo fundi aliona hayahitaji kusemwa.

Hifadhini nakala tatu kwenye kadi tofauti: moja shuleni, moja kwa aliyerekodi, moja nyumbani kwa fundi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, njia zinapitika. Nendeni kwa mzee mnayemjua, mumwombe.