Kumfundisha Mtoto Kuhesabu Sarafu



Wengi wetu tuna watoto au wajukuu wanaokaa na jamaa ng'ambo ya pili, Dar es Salaam, hasa pande za Temeke na Kinondoni. Huko mtoto wa miaka mitano au sita hutumwa gengeni kununua nyanya au chumvi, naye huenda na sarafu mkononi. Somo letu la safari hii ni la kumwezesha mtoto huyo kujua alichopewa, alichotoa na anachodai.

Jambo lililotufanya tuandike lilitokea Tandika. Mjukuu wa mwenzetu mmoja alitumwa dukani na sarafu moja ya shilingi 500. Njiani wavulana wakubwa wakampa sarafu tatu za shilingi 100, wakaichukua ile yake. Akarudi nyumbani amefurahi: alitoka na moja, sasa anazo tatu! Shangazi yake akamchapa, akidhani amekula fedha. Kumbe mtoto hakuiba, wala si mjinga. Alihesabu kama alivyofundishwa: moja, mbili, tatu. Alichokosa ni kujua kwamba sarafu moja yaweza kusimama mahali pa nyingi.

Jambo hili si geni kwetu wakulima wa karafuu. Mtoto wa shamba huona vibaba vinne vikijaza pishi moja, wala hasemi kwamba pishi moja ni ndogo kuliko vibaba vitatu. Wazee wetu nao, kabla Benki Kuu ya Tanzania haijatoa sarafu zake mwaka 1966, walijifunza hivyo hivyo: ndururu mbili ni peni, peni tano ni thumni, thumni mbili ni shilingi. Basi na tumfundishe mtoto kwa mikono yake, katika michezo mitatu.

Mchezo wa kwanza ni wa kupapasa. Tia sarafu chache za shilingi 50, 100, 200 na 500 katika mfuko wa nguo. Mtoto atie mkono bila kuchungulia, ashike moja na kuitaja kabla ya kuitoa. Ile ya 50 ina pembe, nyingine ni za mviringo. Akiitoa, atazame mnyama: 50 ina kifaru, 100 ina swala, 200 ina simba, na 500 ina nyati. Asitegemee sura ya mtu, kwa maana sura ya Mzee Karume imo katika 200 na katika 500 pia. Atazame mnyama na tarakimu.

Mchezo wa pili ni wa mkono. Weka kando sarafu ya 50 kwanza, uanze na 100, kwa sababu lugha yetu yenyewe yamsaidia mtoto: ajuaye moja, mbili, tatu, atasema mia moja, mia mbili, mia tatu bila taabu. Mtoto atandaze kiganja mkekani, kila kidole akiwekee sarafu ya 100. Vidole vyote vikijaa, mkono umetimia. Azitoe zote tano apewe nyati mmoja. Kisha mgeuzie: mpe nyati, naye adai swala watano. Ukimpa watatu, mngoje aone mwenyewe vidole viwili vitupu. Hapo ndipo wale wavulana wa njiani wangeshindwa. Baadaye ingiza simba, ambaye ni vidole viwili, na mwisho vifaru wawili kwa swala mmoja.

Mchezo wa tatu ni wa duka. Vizibo vya soda viwe nyanya, kokwa ziwe vitumbua. Mtoto auze, wewe ununue, kisha mbadilishane. Kitu cha shilingi 300 kilipiwe kwa 500. Asisumbuliwe na kutoa. Ahesabu kwa kupanda. Aguse kitu aseme "mia tatu", kisha aweke sarafu moja moja, "mia nne, mia tano." Alizoweka ndizo chenji. Mara moja moja mpunje kwa makusudi, na akikugundua, msifu mbele ya wenzake.

Yapasa tuwe waangalifu. Watoto wachanga wasikae karibu na mchezo, kwani sarafu humezwa upesi na kumkaba mtoto. Mchezo ukiisha, zihesabiwe zote, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Dakika kumi barazani kila jioni zatosha. Mtoto akikosea asichapwe, aambiwe ahesabu tena. Mwanachama mwenye jamaa bara na ampelekee somo hili. Siku moja mtoto huyo huyo atasimama penye mizani ya karafuu zetu, akihesabu malipo ya wachumaji kwa pishi. Haba na haba hujaza kibaba.