Kutazama Matanga Hallunda, Wala Hakuna Msiba

Nilipomwambia mama mdogo kwenye simu kwamba jioni nakwenda matanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani tena, mwanangu?" Ilibidi nimweleze kwamba ni matanga ya mashua, kwamba huku Stockholm watu wakitoka kazini hushindana kwa vyombo vidogo vya tanga mpaka saa tatu za usiku, na jua bado lipo. Akasema basi kazi za huku ni nyepesi.

Hallunda watu wetu huja kwa sababu ya ndugu. Mgeni hufikia kwenye ghorofa ya shangazi au binamu, hupelekwa madukani karibu na kituo, huonyeshwa kanisa kubwa la Waorthodoksi wa Kisiria, siku ya pili hupelekwa mjini, na ya tatu hurudishwa uwanja wa ndege. Ziwa, ambalo liko nyuma ya majengo hayo upande wa kaskazini, halitajwi. Mimi mwenyewe niliishi hapa miaka miwili kabla ya kujua kwamba naweza kulifikia kwa miguu.

Kutoka katikati ya jiji, panda treni ya chini ya ardhi ya njia nyekundu, namba 13, inayoelekea Norsborg. Hallunda ni kituo cha kabla ya mwisho. Treni zimefika huku tangu Januari 1975. Tiketi ya safari moja hudumu dakika 75, na unaweza kugusisha kadi yako ya benki pale getini bila kununua chochote kabla. Ukitoka kituoni, uliza njia ya Slagsta. Ni mwendo wa kama nusu saa kwa asiye na haraka. Huko kuna ufukwe wa kuogelea, bandari ya mashua za starehe, na kivuko cha magari kinachovuka kwenda Jungfrusund, kisiwani Ekerö. Maji mapana yaliyo mbele yako yanaitwa Rödstensfjärden, na ni sehemu ya Mälaren, ziwa la tatu kwa ukubwa nchini Sweden. Ni maji baridi yasiyo na chumvi, na usawa wake uko juu ya ule wa Bahari ya Baltiki kwa kiasi cha sentimita 70 hivi, ndiyo maana vyombo hupita kwenye milango ya maji ili kushuka baharini. Hapo karibu, Norsborg, kuna mtambo uliofunguliwa mwaka 1904 ambao husafisha maji ya ziwa hili hili kwa ajili ya mabomba ya Stockholm. Kwa hiyo yale unayotazama ndiyo uliyoyanywa asubuhi kwa shangazi. Tangu 2015 mashua za starehe haziruhusiwi kumwaga uchafu wa choo ziwani wala pwani.

Sasa wakati. Usije Julai ukitegemea mashindano. Julai Waswidi wote wako likizo, na klabu nyingi husimamisha mashindano ya jioni. Njoo mwishoni mwa Mei hadi Juni, au katikati ya Agosti hadi mwanzo wa Septemba, siku ya katikati ya wiki, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Neno la kuuliza ni *kappsegling*. Jioni nyingine utakuta watu wanajitembeza tu. Usikasirike, kaa ule sambusa zako. Mwenye kutaka mashindano makubwa aende Saltsjöbaden, upande wa bahari, yalipo maskani ya KSSS, klabu ya kifalme iliyoanzishwa mwaka 1830.

Kosa la mgeni ni kutazama mwili wa mashua. Kwa mbali zote ni nyeupe na zote zinafanana. Tazama tanga: karibu na ncha ya juu kuna alama ya aina yake, na chini yake namba na herufi za nchi, SWE. Kisha tazama mtu ameketi vipi. Kwa mambo hayo mawili utazijua nyingi.

Utakazoziona kwanza ni zile ndogo kama beseni, zenye pua ya bapa: Optimist. Ni mashua ya watoto. Ukishatimiza miaka 15 unaiaga. Ilichorwa na Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, ili iweze kuundwa kwa mbao za plaiwudi bila ufundi mwingi, na miaka ya 1950 ikavushwa kuja Skandinavia. Urefu wake ni mita 2.3, uzito kilo 35. Mtu wa pwani atapenda tanga lake, maana halina pembe tatu: lina pembe nne, na kijiti chembamba hukatisha kutoka mlingotini kwenda kona ya juu kulisimamisha. Ukiwa karibu na gati, chungulia ndani. Utaona kopo la plastiki lililokatwa kichwa, limefungwa kwa kamba ili lisipotee. Ni kata ya kufua maji. Mtoto wa miaka tisa hushika usukani kwa mkono mmoja, kamba ya tanga kwa meno, na kwa mkono uliobaki anafua maji huku akimwangalia jirani yake kwa jicho la husuda. Hakuna kitu kingine ziwani ninachokipenda kama hicho. Alama yake ni herufi I na O. Ukimpiga picha mtoto, muombe kwanza mzazi. Kwa kawaida ndiye yule amesimama gatini na chupa ya chai akijifanya haangalii.

Watoto wakikua wengi huhamia ILCA, ambayo wazee bado wanaiita Laser. Jina lilibadilika mwaka 2019. Mita 4.2, mtu mmoja, tanga moja, na ujanja wake ni kwamba mwili ni ule ule lakini tanga liko la aina tatu kwa kadiri ya uzito wa nahodha: ILCA 4, 6 na 7. Wanaume waliishindania Olimpiki kuanzia Atlanta 1996. Josefin Olsson wa Sweden alipata medali ya fedha kwa tanga la kati katika michezo ya Tokyo. Nakiri kwamba kwa mtazamaji ni mashua ya kuchosha, kwa kuwa zote ni sawasawa kabisa. Kwa aliye ndani, huo ndio utamu wake: akishindwa hana mashua ya kuilaumu.

Finn ni habari nyingine. Tafuta mistari miwili ya mawimbi ya buluu kwenye tanga, na mtu mwenye kifua kipana amejitupa nje ya ubavu mpaka kiuno kinagusa maji. Ilichorwa mwaka 1949 na Rickard Sarby wa Uppsala, kinyozi aliyekuwa akiunda mitumbwi ya tanga, kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki 1952. Dhahabu ilikwenda kwa Mdenmark Paul Elvstrøm. Sarby mwenyewe, katika mashua aliyoichora kwa mkono wake, alipata shaba. Finn ilidumu katika Olimpiki mpaka Tokyo, kisha ikaondolewa. Mlingoti wake unasimama peke yake bila kamba za kuushikilia, na hupinda upepo ukiongezeka. Wembamba hawaiwezi. Ni moja ya michezo michache ambapo kilo 95 ni sifa.

Mitumbwi ya tanga aliyoianzia Sarby bado ipo, ingawa ni adimu. Katika ile ya kimataifa yenye tanga la mita kumi za mraba, nahodha huketi juu ya ubao unaotelezeshwa nje ya ubavu, mbali juu ya maji. Aliyewahi kuona mashindano ya mashua Lamu, mabaharia wakipanda ubao unaotoka nje ili chombo kisilale, hatahitaji maelezo.

Kuna pia zenye mkuku mzito, zisizopinduka ovyo. *Folkbåt* utaijua kwa masikio kabla ya macho, maana zile za mbao hupigwa na viwimbi kwa sauti ya pekee: mbao zake hupandiana kama vigae vya paa, tofauti na majahazi yetu ambayo ubao hukutana na ubao. Ya kwanza iliingia majini Göteborg mwaka 1942, baada ya shindano la uchoraji ambalo halikupata mshindi. Waamuzi wakachukua mazuri ya michoro kadhaa na Tord Sundén akayaunganisha. Ukiona chombo kirefu, chembamba kama mkuki, na namba 22 au 30 kwenye tanga, hicho ni *skärgårdskryssare*, kilichozaliwa na kanuni za mwaka 1908. Namba ni ukubwa wa tanga kwa mita za mraba. Ziwa hili nalo lina cha kwake, Mälar 22, kilichopewa jina lake. Nyota kwenye tanga ni Star, mashua ambayo Fredrik Lööf na Max Salminen walichukulia dhahabu London mwaka 2012.

Kuanza kwenyewe ndiko kwa kutazama. Mengine ni mbio za kobe. Hakuna mstari wa chaki majini, kwa hiyo mashua ya waamuzi hutia nanga, boya huwekwa upande wa pili, na baina yao ndipo mstari. Zikibaki dakika tano honi hulia na bendera ya aina husika hupanda. Zikibaki nne hupanda bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Zikibaki moja hiyo hushuka. Dakika hiyo moja ndiyo yenyewe: mashua thelathini zimesongamana, matanga yanapiga makofi, watu wanapiga kelele "Styrbord!" maana anayepata upepo kwa kulia ana haki ya njia. Honi ya mwisho, bendera ya kwanza inashuka, na ghafla kelele zinakatika. Ikipanda bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, kuna mwizi aliyevuka mapema, naye hurudi kuanza upya kama anajijua. Baada ya hapo hubisha kuelekea boya la juu, upande upepo unakotoka, kushoto, kulia, kushoto. Nusu yao wataelekea pasipo na upepo, na utawahurumia.

Gati za klabu mara nyingi zina geti. Usiruke. Simama, salimia, uliza *Får man titta?*, yaani kama inaruhusiwa kutazama. Karibu kila mtu pale ni mwanachama anayejitolea, na klabu nyingi huwapangia zamu za kulinda mashua usiku. Mwalimu mkuu na fundi bomba huzunguka na tochi saa nane za usiku, sungusungu kamili. Ukionyesha unajua Finn ni ipi, utapewa kahawa.

Ukialikwa kupanda, nikuonye. Mei fulani, kwenye siku ya majaribio ya klabu moja nisiyoitaja, nilijigamba kwamba babu yangu alikuwa na ngalawa. Nilisahau kwamba ngalawa ina mirengu yake pande zote mbili na ILCA haina hata mmoja. Sikumaliza mita hamsini. Maji ya Mei hayakuachii nafasi ya kuvuta pumzi; kifua hujifunga chenyewe. Binti wa miaka kumi na saba alikuja na boti, akaniambia taratibu nisimame juu ya ule ubao wa katikati unaotokeza chini ya mashua, nivute ukingo. Ikainuka. Nilikuwa nimevaa jinzi. Wewe vaa sufu au nguo za kukauka haraka, jaketi okozi lifungwe hadi kidevuni, na kama unampeleka mtoto kwenye mafunzo ujue kwamba kipimo cha Waswidi cha kujua kuogelea ni mita 200, na 50 kati yake kwa mgongo.

Aliyekuja Oktoba atakuta mashua zimepandishwa nchi kavu na kufunikwa maturubai, kwa kuogopa barafu. Asivunjike moyo mapema. Februari, baridi ikiwa kali na ziwa likaganda sawasawa, hutoka DN, chombo cha urefu wa mita 3.7 kilichozaliwa katika karakana ya gazeti la Detroit News miaka ya 1930. Kina tanga, kina mlingoti, na mahali pa mkuku kina vyuma vitatu vyenye makali. Nahodha hukisukuma akikimbia, kisha hujirusha ndani akalala chali. Hupita mbele yako na mlio kama wa kitambaa kirefu kinachochanwa, na ukigeuza kichwa kimeshakuwa nukta upande wa Ekerö. Usikanyage barafu peke yako kukifuata. Uliza wenyeji unene wake kwanza.