Fundisho la 9: Ugonjwa wa Mabaka Uitwao Soriasi

Soma katika Biblia: Walawi 13:1-6, Marko 1:40-42.

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa mmoja wa ngozi. Ugonjwa huu hauui watu wengi, lakini umewatenga wengi na jamaa zao, hata na kanisa.

HABARI YA MAMA MMOJA

Mama mmoja mshiriki alikuja hospitali akiwa amejifunika kitambaa kichwani na mikononi. Juu ya viwiko, magoti na kichwa alikuwa na mabaka manene yenye magamba meupe. Alikuwa katika hali ile miaka 3. Majirani walisema ni ukoma. Wengine walisema amelogwa. Nyumbani alikuwa na kikombe chake peke yake na sahani yake peke yake. Kanisani aliketi karibu na mlango.

Nami ninaungama kosa langu. Mwanzoni mwa ugonjwa wake nilimwona, nikamwambia bila kumpima, "Mama, ukae kando kidogo mpaka tujue." Kisha sikurudi kumwangalia. Neno langu likawa sheria kwa wengine.

Siku ile tulimpima vizuri. Alifumba macho, nasi tukagusa mabaka yake kwa uzi wa pamba. Kila mara alionyesha mahali tulipogusa. Munganga alipapasa mishipa ya fahamu mikononi na miguuni, haikuvimba. Akaangalia kucha, nazo zilikuwa na vitobo vidogo kama zimechomwa na sindano. Akasema, "Huu si ukoma. Huu ni soriasi."

UGONJWA HUU NI NINI?

Ngozi ya mtu hujifanya upya siku zote. Ngozi mpya hutoka chini, ya zamani hupukutika juu, na kazi hii huchukua karibu mwezi 1. Ndani ya mwili kuna walinzi wanaopigana na vidudu. Katika soriasi walinzi hao wanakosea, wanaishambulia ngozi ambayo haina adui. Basi ngozi inavimba, inawasha, na inajifanya upya kwa haraka mno, kwa siku chache tu. Ile ya zamani haipati nafasi ya kupukutika, inarundikana kuwa magamba. Kwa mtu mweusi mabaka huonekana ya kahawia au ya zambarau, na magamba yake ni meupe au ya kijivu.

Soriasi haitoki kwa vidudu vya mtu mwingine. Haiambukizi kwa mkono, kwa kitanda, kwa kikombe, wala kwa kitanda cha ndoa. Mara nyingi huonekana katika ukoo, kwa sababu mtu anaweza kuzaliwa na asili yake. Si laana, wala si uchawi.

TOFAUTI YAKE NA UKOMA

Baka la ukoma mara nyingi halisikii mguso wala joto. Baka la soriasi linasikia, tena huwasha. Lakini usijipime mwenyewe nyumbani ukaamua, njoo tukuangalie. Hata ukoma si sababu ya kumfukuza mtu. Ukoma unapona kwa vidonge vya miezi 6 au 12, navyo hutolewa bure.

Si sisi tu tuliokosea. Huko Ulaya watu waliyachanganya magonjwa haya miaka mingi sana, mpaka mwaka 1841 munganga Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha wazi. Katika mwaka 1873 Gerhard Hansen wa Norway aliona kidudu cha ukoma. Na katika mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulikiri kwamba soriasi ni ugonjwa wa kudumu usioambukiza.

NAMNA YA KUISHI NAO

Hakuna dawa inayoondoa soriasi kabisa. Huenda na kurudi. Lakini inaweza kutawaliwa, kama vile mtu anavyotawala shamba lake: majani hurudi, naye hulima tena.

1. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Usisugue magamba kwa jiwe wala kwa brosi.
2. Ukimaliza kuoga, ngozi ingali na unyevu, paka Vaseline au mafuta yasiyo na manukato. Fanya hivi mara 2 kila siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri.
3. Kata kucha, usijikune. Mahali penye jeraha baka jipya huweza kutokea.
4. Weka mabaka juani kwa muda mfupi asubuhi. Usikae mpaka ngozi iungue.
5. Pomadi ya hospitali upake kidogo, juu ya baka tu, kwa siku ulizoambiwa. Ya mwilini usipake usoni.
6. Acha pombe na tumbako. Ukiumwa koo, njoo upate dawa mapema, maana ugonjwa wa koo huamsha soriasi.
7. Mwambie munganga kila dawa unayomeza. Kloroquine na dawa nyingine za presha zinaweza kuzidisha mabaka.

Wenye ugonjwa mkali munganga anaweza kuwapa metotreksati. Vidonge hivi humezwa mara 1 kwa juma. Kuvimeza kila siku kunaweza kuua. Mama mwenye mimba asivimeze kamwe.

JIHADHARINI NA DAWA ZA SOKONI

Mama yule alikuwa amechomwa sindano za kortizoni na muuza dawa. Kwa majuma machache ngozi ikawa safi, akafurahi. Sindano zilipokoma, mabaka yalirudi mwili mzima, pamoja na homa na malengelenge ya usaha. Ndiyo sababu alikuja kwetu. Pomadi nyingine za kung'arisha ngozi pia zina kortizoni ndani yake. Msizinunue.

Njoo hospitali upesi ukiona ngozi yote imewaka kama moto, au usaha, au homa, au viungo vya vidole vimevimba na kukaza asubuhi.

NENO KWA KANISA

Walawi 13 inaonyesha kwamba kuhani hakuruhusiwa kufanya haraka. Aliangalia, akangoja siku 7, akaangalia tena. Na wengine aliwatangaza kuwa safi. Mimi sikuangalia hata mara 1. Na Yesu katika Marko 1 alimgusa mgonjwa kabla hajapona.

Nilisimama mbele ya kanisa nikamwomba mama yule msamaha, naye akanipa mkono. Viwiko vyake vingali na mabaka, na wakati wa kiangazi huzidi. Lakini sasa anaketi katikati ya wamama wenzake, na kikombe chake ni kikombe cha nyumba yote.

MAULIZO

1. Kwa nini magamba hurundikana juu ya ngozi ya mwenye soriasi?
2. Je, soriasi huambukiza kwa kikombe?
3. Kuna hatari gani katika sindano za kortizoni za sokoni?
4. Katika kanisa lako, ni nani anayeketi karibu na mlango? Nani atakwenda kwake juma hili?