Kuchagua Darubini Ndogo ya Kutazamia Ndege: Somo kutoka Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba hadi Aprili, mafungu ya mchanga na tambarare za matope zilizopo baina ya Mikindani, Msimbati na mlango wa mto Ruvuma hupokea wageni wengi wenye mabawa. Wako vitwitwi wa aina mbalimbali ambao huzaliana katika nchi za kaskazini, na yuko membe (Dromas ardeola), ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye hutaga ndani ya mashimo ya mchanga katika pwani za Arabuni na Somalia, kisha huja kwetu kula kaa. Sehemu kubwa ya makazi hayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650.

Ndege hao huhesabiwa. Tangu mwaka 1967 imekuwapo sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, ambayo hufanywa hasa mwezi wa Januari. Hesabu inayotokana na macho mabaya, au chombo kibaya, huwa ni uongo ulioandikwa kwa nia njema. Mwandishi wa makala haya aliwahi kurudi kutoka Msimbati na orodha ndefu ya vitwitwi wakubwa wa mchanga, aliowatazama kwa darubini ndogo iliyokuwa ikisifiwa kwa kukuza mara 10. Kesho yake, maji yalipojaa na ndege wakasogea, ilidhihirika kwamba wengi wao walikuwa vitwitwi wadogo wa mchanga. Ukurasa mzima ulipigwa mstari. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kosa lile lilitoka wapi, na jinsi msomaji anavyoweza kuliepuka anaponunua chombo chake.

Maana ya namba mbili

Kila darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, kwa mfano 8×25. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye umbali wa mita 80 huonekana kana kwamba yuko mita 10. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele, kwa milimita. Lenzi hiyo ndiyo mlango wa nuru, na kadiri mlango ulivyo mpana ndivyo nuru nyingi inavyoingia.

Tukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza tunapata kipenyo cha duara la nuru linalotoka kwenye lenzi ya jicho. Kwa darubini ya 8×25 jibu ni milimita 3.1, kwa 10×25 ni 2.5, kwa 8×32 ni 4. Wakati wa jua kali mboni ya jicho la binadamu husinyaa hadi milimita 2 au 3 tu, hivyo darubini ya 8×25 hutosheleza jicho kikamilifu. Lakini alfajiri, ndani ya kivuli cha mikoko, mboni hupanuka hadi milimita 5 au zaidi. Hapo darubini ya 10×25 hulinyima jicho nuru, na rangi zote hugeuka kijivu. Aidha, duara dogo humtaka mtazamaji aliweke jicho lake mahali pamoja barabara. Akitikisika kidogo, picha hupotea. Juu ya mtumbwi jambo hilo huchosha mno.

Nuru inayopotea njiani

Msomaji asidhani kwamba nuru yote iingiayo mbele hulifikia jicho. Kila mahali ambapo nuru huvuka kutoka hewani kuingia katika kioo, au kutoka kiooni kurudi hewani, karibu asilimia 4 hurudishwa nyuma. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo ingebakiza takriban asilimia 66 tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanasayansi wa kampuni ya Zeiss, alivumbua njia ya kuupaka uso wa lenzi utando mwembamba sana unaopunguza upotevu huo. Endapo kila uso utapoteza nusu ya asilimia 1 tu, nyuso zile zile 10 zitapitisha takriban asilimia 95.

Nuru iliyorudishwa haiishii hapo. Sehemu yake hutangatanga ndani ya chombo na kuitandaza picha nzima weupe kama ukungu. Hili ni jambo zito kwetu, kwa sababu pwani yetu hutazama mashariki: asubuhi jua hutoka baharini na kumulika usoni mwa mtazamaji, na ndege huwa wako baina yake na jua. Vitwitwi wawili tuliowataja hutofautishwa kwa urefu wa mdomo, urefu wa miguu na rangi ya miguu hiyo. Mkubwa ana mdomo mrefu na mnene zaidi, na miguu yake ni ya kijani iliyofifia kuelekea manjano. Mdogo ana mdomo mfupi na miguu iliyokolea weusi. Chombo kilichojaa ukungu wa nuru huifanya miguu yote ionekane myeusi. Hilo lilikuwa chanzo cha kwanza cha kosa la Msimbati: rangi ya miguu haikuonekana, ikabaki kukisia urefu wa mdomo.

Darubini nyingi ndogo za siku hizi hutumia prizimu za paa, ambazo huwezesha bomba la chombo kuwa jembamba na lililonyooka. Prizimu hizo zina udhaifu wake: huligawa wimbi la nuru katika sehemu mbili ambazo hazikutani sawasawa, na picha hupoteza ukali. Dawa yake ni utando maalumu wa kurekebisha mawimbi, ambao Zeiss waliuanzisha mwaka 1988. Darubini ya prizimu za paa isiyo na utando huo haifai kununuliwa kwa kazi ya ndege.

Ukuzaji, mkono na mazigazi

Watu wengi huamini kwamba chombo kikuzacho zaidi ndicho bora. Imani hiyo yafaa iachwe. Darubini ikuzayo mara 10 hukuza pia mtetemo wa mkono mara 10, na uwanda wake wa kuona kwa kawaida huwa mwembamba, hivyo ni vigumu kumpata ndege arukaye. Zaidi ya hayo, kuanzia saa nne asubuhi matope na mchanga wa Msimbati hupata moto, hewa iliyo juu yake huchemka, na picha ya mbali hucheza kama maji. Mazigazi hayo hayatoki katika lenzi, na hakuna lenzi duniani iwezayo kuyaondoa. Ukiongeza ukuzaji, unayakuza nayo. Hicho kilikuwa chanzo cha pili cha kosa letu.

Unyevu, chumvi na mchanga

Majira yaletayo ndege ndiyo majira yaharibuyo vyombo. Wakati wa kaskazi hewa ya Mtwara huwa na joto na unyevu mwingi, na mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika hali hiyo kuvu huota juu ya lenzi na prizimu, mithili ya utando wa buibui, na asidi zake hula uso wa kioo. Kuvu iliyokwisha kula kioo haifutiki.

Kwa sababu hiyo, chombo cha pwani hapana budi kiwe kimezibwa kwa mipira dhidi ya maji, na ndani yake kijazwe gesi kavu ya naitrojeni. Darubini za mtindo wa zamani, ambazo daraja la lenzi za jicho hutoka na kurudi unapozirekebisha, hufanya kazi kama pampu: kila mzunguko huvuta ndani hewa ya bahari. Ni nafuu, na picha yake mara nyingi ni nzuri kuliko bei yake, lakini Mtwara hazidumu.

Chombo kilichozibwa kioshwe kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, ndipo kifutwe. Mchanga wa pwani una chembe za kwatzi, nazo ni ngumu kuliko kioo cha lenzi; anayefuta kwa upindo wa shati kabla ya kuosha anaisugua lenzi kwa msasa. Usiku darubini iwekwe katika kopo lifungwalo vizuri, pamoja na vipakiti vya jeli ya silika kama vile vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya. Mfuko wa ngozi hunywa unyevu na kualika kuvu.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi afanye majaribio yafuatayo, ikiwezekana nje ya duka:

1. Aishike darubini mbali na uso, aielekeze penye mwanga (kamwe asiielekeze kwenye jua), na atazame maduara mawili ya nuru. Yawe mviringo kamili. Yakiwa na pembe zilizokatika, prizimu zake ni duni.

2. Atazame ukingo wa paa au mlingoti dhidi ya anga. Pindo pana la zambarau au kijani ni dalili ya lenzi hafifu.

3. Atazame kitu cha mbali kwa dakika 5. Macho yakivutwa, au picha ikijigawa mara mbili, mabomba hayakulingana.

4. Avaaye miwani aitazame akiwa nayo. Umbali baina ya lenzi na jicho uwe angalau milimita 15, la sivyo ataona kitundu tu.

5. Aangalie kama rangi ya kijivu, kijani iliyofifia na kahawia hutofautiana vizuri kivulini.

Kipi kinunuliwe?

Miongoni mwa darubini ndogo za daraja la juu zinazojulikana leo ni Zeiss Victory Pocket na Swarovski CL Pocket, zote za 8×25, na Leica Ultravid ya 8×20. Uzito wake ni baina ya takriban gramu 240 na 350, na hukaa mfukoni. Ubora wake ni wa kweli, lakini bei ya zile za 8×25 kwa kawaida hupita shilingi milioni 2. Kwa mtu atembeaye kila siku kwa miguu, na ambaye angeiacha nyumbani darubini nzito, gharama hiyo yaweza kuwa na maana, kwani chombo kilichoachwa nyumbani hakioni kitu. Darubini ya 8×32 ina uzito wa gramu 500 hadi 600 hivi, lakini mlango wake wa nuru una eneo kubwa kuliko wa 8×25 kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa shule, chuo au kamati ya mazingira ya kijiji, ambako chombo kimoja hutumiwa na watu wengi kuanzia alfajiri, rai yetu ni kununua 8×32 ya daraja la kati, iliyozibwa vizuri na yenye utando wa mawimbi. Fedha zitakazosalia zinunue kitabu cha kutambulishia ndege na nauli ya kufika pwani.

Kuna ukuzaji mwingine usiouzwa dukani. Ukimsogeza ndege kutoka mita 200 hadi mita 100, umefanya kazi sawa na kubadili darubini ya 8 kwa ya 16, bila mtetemo na bila kupoteza nuru. Bahari hufanya hivyo yenyewe. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa, hufunika mafungu moja baada ya jingine na kuwasukuma ndege kuelekea ukingoni. Mtazamaji aketi akitulia saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, wala asiwafuate. Mvuvi yeyote wa Msimbati atamweleza siku za bamvua na za maji mafu bila kufungua kitabu.

Jambo moja la mwisho ni la adabu na usalama. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mashambulizi, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilivamiwa. Mgeni aelekezaye darubini ng'ambo asishangae akitiliwa shaka. Kabla ya kuitoa mfukoni, ajitambulishe kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa kijiji, na kwa ofisi ya hifadhi. Kisha awape wazee na vijana nafasi ya kuchungulia. Aliyekwisha mwona membe akimvunja kaa hahitaji tena kuelezwa mgeni amefuata nini.

Hitimisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi hatusemi mtu achague milele. Twasema ajue kwanza shamba lake. Membe hutambulikana kwa chombo chochote. Kitwitwi mdogo wa mchanga hatambulikani ila kwa nuru safi na kwa subira. Kwa pwani ya Mtwara, basi, ukuzaji wa 8 watosha: nunua nuru, nunua kinga dhidi ya unyevu, na mengine uyaachie maji ya bamvua.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta kipenyo cha duara la nuru la darubini ya 10×42. Je, yafaa alfajiri kuliko 8×25?

2. Kwa nini kununua darubini ya ukuzaji mkubwa hakuondoi mazigazi?

3. Ndege yuko mita 120. Kwa darubini ya ukuzaji wa 8, anaonekana kana kwamba yuko mita ngapi? Maji yakimsogeza hadi mita 40, je?