Dawa ya Kuvuta kwa Pumzi na Mrija wa Hewa

Mgonjwa ambaye taya lake limekaza, au ambaye koo lake limebanwa na uvimbe, ni hatari kumlaza usingizi kabla ya kumwingiza mrija wa kupumulia. Akilala fofofo, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huweza kuziba. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kudhurika katika dakika chache tu. Kwa hiyo mrija huingizwa angali macho, koo likiwa limetiwa ganzi kwa lignokaini. Ganzi huondoa maumivu, hofu haiondoi.

Hapo ndipo mvuke wa sevofluleni unapofaa. Kiasi kidogo, kikichanganywa na oksijeni, humtuliza mgonjwa, naye huendelea kupumua mwenyewe na kuitika aitwapo. Fadhila ya mvuke huu ni kwamba huingia na kutoka kwa pumzi: pumzi ikipungua, dawa iingiayo nayo hupungua. Nitrasi oksaidi, ambayo Humphry Davy aliieleza mwaka 1800, nayo hutuliza, lakini mara nyingi hutaka nusu nzima ya mchanganyiko, nafasi ambayo ingekuwa ya oksijeni.

Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka. Kipimo kikizidi na koo likaziba kabisa, dawa iliyokwisha kuingia haina pa kutokea.