BISKUTI ZA IDI: SOMO LA JIKONI NA MANENO YAKE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na ushairi. Mimi mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya biskuti. Usicheke. Nyumbani kwetu, hapa Malindi mtaa wa Shela, biskuti si mchezo wa watoto. Biskuti ni karo. Tangu kumi la kati la Ramadhani mama hupokea oda, huyu ndoo moja, yule ndoo mbili, na pesa zinazopatikana ndizo zinazonirudisha shuleni muhula unaofuata. Kwa hiyo trei ikiungua si biskuti tu zilizoungua. Ndiyo sababu nimelisoma jambo hili kwa makini kuliko hata baadhi ya masomo ya darasani (waalimu wangu mnisamehe).

Biskuti ninazozisema ni zile za kukata: unga unakandwa, unasukumwa, halafu unakatwa kwa umbo la mwezi, nyota, moyo au samaki. Hizi si visheti, kwa maana visheti hukaangwa kisha vikatiwa shira. Wala si vileja, ambavyo hufanywa kwa unga wa mchele na samli na kuviringwa kwa mkono. Hizo ni ndugu zake tu, nazo hukaa pamoja kwenye sinia moja chini ya kawa asubuhi ya Idi. Na wenzetu Wakristo wa Barani na Muyeye hupika biskuti hizi hizi kwa Krismasi, ila wao mwezi wanauacha, nyota wanaibakisha. Kwetu sisi sahani hupelekwa kwa jirani bila kuuliza dini, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Basi Desemba tunakula nyota zao.

Sasa tuanze na kalenda, kwani hapo ndipo wengi hawatazami. Wazee wetu wa pwani huuita mwezi wa Idi Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa kwanza wa kufungua. Unafuata Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Jumla kumi na mbili. Mwaka huu wa mwezi una siku 354 au 355, basi kila mwaka Idi hutangulia kwa siku kama 11. Mwaka 2000 Idi hii ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2018 ilikuwa katikati ya Juni, na mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili.

Utaniuliza, hayo yanahusu nini biskuti? Yanahusu sana! Idi ikianguka Juni au Julai, upepo wa kusi unavuma, hewa ina ubaridi, na siagi inakaa ilivyo. Ikianguka Februari au Machi, mwishoni mwa kaskazi, mchana wa Malindi hufika nyuzi 30 na kuzidi, na siagi huanza kuyeyuka papo hapo kwenye vidole. Ikianguka Aprili au Mei ni masika: mkaa umetota, hewa imejaa maji, na biskuti iliyotoka motoni ikiwa kavu hulegea kabla ya magharibi ukiiacha wazi. Kwa hivyo mpishi wa biskuti za Idi hawezi kusema "nimeshajua" akapumzika. Kila baada ya miaka michache msimu humbadilikia, na akingoja kama miaka 33 ndipo mambo yanaporudi yalipokuwa. Nyanya yangu ameuona mzunguko huo ukitimia, na anauanza wa pili.

Kipimo chetu ni hiki: unga wa ngano kilo moja, siagi nusu kilo, sukari gramu 400, mayai matatu, hiliki iliyopondwa kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo tu. Nyanya yeye hupima kwa kibaba, na vibaba vinne kwake ni pishi. Mama hupima kwa mizani. Wamebishana sana juu ya hilo, lakini mimi naona mizani ina hoja moja ambayo kibaba hakina. Biskuti za Idi hupikwa mchana wa Ramadhani, na mpishi amefunga. Haonji! Chakula kingine ukikipunja sukari utakijua kwa ulimi na kuongeza; hapa ulimi umefungwa mpaka magharibi, na kufikia magharibi trei kumi zimeshaiva. Ukiwa huwezi kuonja, pima.

Beking pauda hatutii kabisa, au tukitia ni robo kijiko. Watu hushangaa. Lakini fikiria kazi yake ni nini: hutoa hewa ndani ya unga, na hewa huvimbisha. Keki ivimbe, sawa. Nyota ikivimba, ncha zake tano zinakuwa matumbo matano. Mwaka mmoja mwenye duka alimuuzia mama unga uliokwisha tiwa pauda kiwandani, akamwambia ni unga wa kawaida. Pakiti ilikuwa imefunguliwa na kupimwa kwa kilo, basi maandishi hayakuwepo. Ndoo mbili zile, nyota zikatoka kama kobe, miezi kama ndizi. Mteja mmoja alizikataa. Utamu ulikuwa ule ule, lakini yeye alitaka nyota, na nyota hazikuwepo. Mimi siwezi kumlaumu. Tangu siku hiyo hatununui unga wa kupimiwa, ila wa pakiti isiyofunguliwa.

Unga hukandwa hivi: siagi na sukari husagwa pamoja kwa mwiko mpaka zikawa nyeupe, mayai yakaingia moja moja, kisha unga uliokwisha chungwa. Na hapa mkono uwe mwepesi. Chapati hukandwa sana ili unga uvutike. Biskuti hutaki ivutike, unataka imumunyike kinywani. Ngano ina kitu kinachonata kinachozidi nguvu kila unapoikanda kwa majimaji, na ndicho kinachofanya chapati ikunjike. Kwenye biskuti ni adui. Unga ukishashikana tu, acha.

Kisha donge lipumzike mahali baridi kwa saa moja. Mwenye friji ana bahati, kama stima haijapotea. Asiye na friji afanye kama nyanya: donge hufungwa kwa kitambaa safi, likatiwa bakulini na kufunikwa, na bakuli likakalishwa ubavuni mwa mtungi wa maji, palipo na upepo. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na lile jasho likikauka huondoka na joto. Mwalimu wetu wa Fizikia aliieleza habari hiyo kwa kutumia spiriti juu ya mkono, nami moyoni nikasema hii naijua, hii ni mtungi wa nyanya. Wakati wa kaskazi hata hivyo mtungi haushindi jua la saa nane. Siku hizo tunasukuma na kukata baada ya daku, kabla jua halijapanda.

Kusukuma ni kwa kifimbo cha chapati, unene wa nusu sentimita au pungufu kidogo. Hapa nina ufundi mmoja wa kuwapa wanafunzi wenzangu. Chukua rula mbili za mbao, uzioshe na kuzikausha, uziweke kushoto na kulia kwa donge, kisha upitishe kifimbo juu yake. Unga hauwezi kushuka chini ya rula, basi trei nzima inakuwa na unene mmoja. Faida yake ni kubwa, maana biskuti nyembamba na nene zikikaa trei moja, ya kwanza itaungua na ya pili haijaiva.

Vyombo vya bati vya kukatia vinauzwa madukani, lakini mwezi mzuri hauhitaji bati. Chukua bilauri. Kata duara. Kisha isogeze bilauri ile ile kidogo pembeni, ukate tena juu ya duara lile. Utapata vitu viwili kwa mara moja: mwezi mwandamo, na kipande chenye ncha mbili mfano wa jani. Ukisogeza kidogo mwezi unakuwa mwembamba, wa usiku wa kwanza. Ukisogeza sana unanenepa. Mwembamba unapendeza machoni lakini huvunjika ndoo ikitikisika, basi wa kuuza tunaufanya wa usiku wa tatu hivi. Yale majani hatuyatupi. Huchorwa mshipa kwa kisu katikati, na watoto ndiyo wanayoyapigania.

Tumefika kwenye moto, na hapa ndipo penye karo yenyewe. Vitabu vya sayansi ya nyumbani vinasema weka oveni nyuzi 180 kwa dakika 10 au 12. Vizuri, kwa aliye na oveni. Nyumba nyingi za kwetu, kutoka hapa mpaka Mambrui na Kilifi, zina jiko la makaa na sufuria. Chini ya sufuria kubwa hutiwa mchanga mkavu, juu yake mawe madogo matatu, na juu ya mawe sinia ya biskuti. Hufunikwa kwa kifuniko bapa, kisha kifuniko kikapaliwa makaa. Neno ni hilo, kupalia: kutia makaa ya moto juu ya chungu ili chakula kipate moto wa juu. Ndivyo wapishi wetu wanavyoukausha wali na kuoka mkate wa kumimina. Makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache, kwa sababu moto wa chini hupanda wenyewe, lakini wa juu hushuka kwa shida.

Juu tunatumia vifuu vya nazi. Vinashika moto upesi na kutoa joto kali, ila havidumu. Chini tunaweka mkaa, kwani mkaa hudumu. Siku hizi mkaa ni ghali, na misitu ya bara yetu inakwisha kwa ajili yake, basi kila kifuu kinachotoka kwenye mbuzi ya kukunia mwezi wa Shaabani mzima tunakiweka akiba.

Moto utaujuaje? Usiamini uso wako, maana anayeinama jikoni na saumu huona kila moto mkali. Nyunyiza chembe za unga kwenye sinia tupu, ufunike. Ukizikuta nyeusi mara moja, punguza. Zikigeuka kahawia polepole, umepata. Kisha oka kinyunya. Kinyunya ni kimkate kidogo cha kujaribia, nacho hukwambia habari zote kabla hujahatarisha sinia nzima: kama kimetanda, unga una joto, kama chini kimeungua na juu kibichi, makaa yamekaa vibaya. Nyanya husema, "Mwanangu, kinyunya ni mtihani wa mock." (Sijui nani alimfundisha neno hilo. Nadhani ni mimi.)

Biskuti huipuliwa kingo zake zinapoanza tu kugeuka rangi. Ukizigusa zitakuwa laini, na asiyejua atazirudisha motoni. Asizirudishe! Zikipoa hukauka zenyewe. Ziache dakika chache sinianini, ndipo uzihamishe, la sivyo mwezi utakatikia mkononi.

Kupamba nitakupitia upesi. Wengi hupiga ute wa yai pamoja na sukari ya unga. Sisi ute mbichi tumeuacha, kwani yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na biskuti zetu huliwa na watoto wa watu. Tunatumia sukari ya unga, maji ya ndimu na maji kijiko kijiko, mpaka ule ujiuji ukidondoka uache mstari unaokawia kuzama. Rangi ya manjano ni zafarani iliyorowekwa, nyekundu ni ya duka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiikata pembe na kuchorea. Sasa tunakunja bomba la karatasi safi ya kufungia siagi, nalo linachora vizuri zaidi. Biskuti ziwe zimepoa kabisa kabla ya kupambwa, na pambo likauke kabisa kabla ya ndoo kufungwa. Wakati wa masika hilo ni usiku mzima.

Kabla sijaweka kalamu chini, maneno machache ya kuandika daftarini. Chungu huinjikwa au hutelekwa, kisha huipuliwa. Wengi wetu tunasema "kuweka" na "kutoa" kwa kila kitu, hata redio. Mkate huokwa, nyama huchomwa, samaki hukaangwa. Sukari na samli zilitufikia kwa Waarabu. Bilauri pia, na asili yake ni kioo chenye kung'aa. Meza tunayosukumia ni ya Wareno, waliotia nanga hapa Malindi mwaka 1498. Na biskuti yenyewe ni neno la Kiingereza ambalo Waingereza nao walilipata kwa Wafaransa, na maana yake ya asili ni kitu kilichopikwa mara mbili. Zetu tunazipika mara moja. Ukimkuta mtu anayezirudisha motoni, mwambie ana kamusi mkononi lakini biskuti zitaungua.

Idi ijayo ndoo zilizoagizwa ni kumi na nne. Vifuu tunavyo gunia moja na nusu.